Fuwele Isiyojua Upande

Kiroboto hakujaliwa makalio ya kukalia kiti. Jina hilo alipewa na mjomba wake akiwa mtoto wa miaka minne, siku alipopanda na kushuka ngazi za nyumba yao tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila sababu yoyote ya maana. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa uzamivu, mtu mzima mwenye funguo za maabara, na jina lilikuwa bado limemganda. Hata Profesa, mama mmoja mkali wa vyeo na itifaki, alijisahau siku moja kikaoni akasema, "Kiroboto atatuonyesha mchoro," na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kumwita vingine.

Alhamisi ile alikuwa amezidi. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa ameketi mara sita na kusimama mara nane. Msiniulize hesabu hiyo inawezekanaje. Chai yake ilipoa juu ya kabati la faili, akaimwaga, akachemsha nyingine, nayo akaisahau kando ya sinki. Kalamu aliitafuna mpaka kifuniko kikapasuka. Mbele yake mashine ya kupimia usumaku ilikuwa ikinguruma taratibu, pipa la kimo cha mtu, na tumboni mwake kulikuwa na baridi ambayo barafu kando yake ni uji wa moto. Katikati ya baridi hiyo, imebandikwa kwa gundi kwenye ncha ya kijiti, ilikaa fuwele moja nyeusi isiyozidi punje ya ufuta. Hiyo ndiyo iliyomnyima raha.

Fuwele ile aliiotesha mjomba wake. Ndiyo, mjomba yuleyule wa ngazi, mdogo wa mama yake, fundi wa tanuri katika chumba cha chini cha jengo lilelile. Kazi yake kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kuyeyusha unga wa madini ndani ya chombo kilichofungwa, kisha kuupoza nyuzi moja kwa saa, usiku na mchana, wiki tatu mfululizo, mpaka fuwele zijipange zenyewe humo ndani. Hakuwa na shahada. Alikuwa na subira, ambayo chuoni pale haina cheti. Makala za maprofesa zilitoka mwaka nenda mwaka rudi, na yeye akawekwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo: tunamshukuru fundi wetu.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Profesa alisema fuwele hizi si za kushukuriwa, ni za kuandikiwa jina, akamweka mjomba wa tatu katika orodha ya waandishi. Mzee wa watu alichapisha ukurasa wa kwanza, akautia kwenye mfuko wa plastiki na kwenda nao nyumbani, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kabla hajaulizwa habari za safari. Alibakiza miezi mitatu astaafu. Makala ilikuwa imeshakubaliwa, yamebaki maswali mawili matatu ya wakaguzi wa jarida, na moja kati ya hayo ndilo lililokuwa ndani ya pipa.

Jambo lenyewe Kiroboto alikuwa amemweleza mjomba zamani, wamekaa kwenye benchi lake la kazi.

"Elektroni ina mizunguko miwili, mjomba. Inakizunguka kiini cha atomi, na hapohapo inajizungusha yenyewe. Kila mzunguko unazaa sumaku ndogo. Katika fuwele nyingi ule wa kwanza hauonekani, kwa sababu atomi jirani zinaubana huku na huku mpaka unaishiwa nguvu. Unabaki ule wa kujizungusha tu. Hii yako ni kichwa ngumu. Ule wa kwanza bado uko hai."

"Na hiyo miwili inajuana?"

"Imeshikana mikono. Huu ukigeuka, unauvuta na ule. Na kwa kuwa ule wa kukizunguka kiini umebanwa na kuta za fuwele, sumaku nzima inapenda upande mmoja kuliko mwingine."

Mjomba alifikiri kidogo. "Kama kitanda kilichosukumwa ukutani. Mtu hana budi kushukia upande mmoja."

"Hivyohivyo."

Kwa hiyo mkaguzi wa jarida alipouliza, mmejaribu kuigeuza fuwele mkapima tena?, swali halikuwa la uchokozi. Usumaku wa fuwele ile ulikuwa dhaifu. Sumaku kubwa ya mashine ikipandishwa na kushushwa, mstari kwenye skrini ulikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, ukaacha kitanzi chembamba katikati. Ukiigeuza fuwele, kitanzi sharti kibadilike, kinenepe au kisinyae, kwa sababu sumaku yake imefungwa na kuta zake. Kiroboto alikuwa na hakika. Aliigeuza Jumanne, akaigeuza Jumatano, na Alhamisi akaigeuza upande wa tatu na wa mwisho.

Vitanzi vitatu vilikaa kimoja juu ya kingine kama vile ni kimoja.

Alisimama, akaketi, akasimama. Akaipasha fuwele joto mpaka la chumba, mahali ambapo usumaku wake ulipaswa kuwa umekufa zamani. Kitanzi kilikuwa palepale, hakikujali. Usumaku usiojua upande wala joto ni wa kitu kimoja tu kinachojulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: chuma. Chuma cha kawaida, cha misumari na makopo. Chembe zake kidogo tu, zisizoonekana kwa jicho, zilikuwa zimenata juu ya fuwele, na ndizo walizokuwa wakizipima miezi mitano na kuziandikia makala.

Hapo ndipo kichwa chake kilipotangulia mbele ya miguu. Mikono ya mjomba ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita. Si sana, lakini kikombe alikishika kwa mikono miwili. Na kwenye benchi alilokatia fuwele palikuwa na jiriwa kubwa la chuma, la kubania vitu, limechakaa na kuota kutu midomoni. Kiroboto aliliona jambo zima kama alikuwepo: mkono unacheza, fuwele inagusa jiriwa, basi, imekwisha. Hakuwa na ushahidi wowote. Ila lilikaa sawasawa mno, na kitu kinachokaa sawasawa mtu aliyehaha tangu asubuhi hakiachii.

Alishuka chini kumwambia. Mara ya kwanza aliomba gundi ya karatasi akapanda nayo. Mara ya pili aliuliza saa ngapi, na saa alikuwa ameivaa mkononi. Mara ya tatu mjomba alimtazama juu ya miwani.

"We Kiroboto, kuna moto huko juu?"

"Mjomba, fuwele ina chuma."

Mjomba aliweka chini koleo alilokuwa ameshika. Hakuuliza chuma gani. Miaka thelathini na mmoja kwenye kazi ile, alijua vizuri kuliko Kiroboto maana ya sentensi hiyo.

"Kimetoka wapi?"

"Nafikiri wakati wa kukata. Iligusa jiriwa. Mikono yako siku hizi, mjomba... sikulaumu. Inatokea."

Tanuri kubwa nyuma yao lilikuwa na kazi nyingine ndani yake, siku ya kumi na nane ya kupoa, taa yake ya kijani ikiwaka.

"Sikuhisi kugusa," mjomba alisema.

"Usingehisi. Ni kitu kidogo sana."

"Na wale ndugu zake umewapima?"

Ndugu zake walikuwa wanne. Donge moja lilikatwa vipande vitano, siku moja, benchi moja, mkono mmoja, na vinne vilikuwa vimelala ndani ya kisanduku juu ya rafu ya Kiroboto, havijaguswa tangu siku ile.

"Hakuna haja," alisema Kiroboto, na sauti yake ilitoka na haraka iliyomshangaza mwenyewe. "Kila kimoja ni siku nzima kwenye mashine, na Profesa anataka jibu kesho. Jambo liko wazi."

Mjomba aliitazama mikono yake, kwanza juu, kisha viganja. Kiroboto alitamani angekasirika, angepiga benchi, angemwambia toka hapa. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa saa nane waliingia ofisini kwa Profesa. Kiroboto alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, akaanza kuyazungusha, mara vyanzo vya uchafu ni vingi, mara hali ya vifaa, na mjomba akamkatiza.

"Profesa, ni mimi. Mikono imechoka."

Profesa alikuwa mtu wa kufoka, na wote wawili walikuwa wamejiandaa kwa kufokewa. Badala yake akawa mpole. Alisema pole fundi, alisema umri ni umri, alisema makala itaondolewa jaridani Jumatatu na hakuna atakayemtaja mtu. Kisha kwa sauti ileile ya upole akamwambia asikate tena sampuli, na kama ana likizo iliyobaki basi ndio wakati wake. Mjomba alitoa funguo mfukoni akaziweka mezani, zikagonga kioo. Akashuka chini kukusanya vitu vyake, na hakuna aliyemfuata kuona anafanya nini huko.

Jumapili mama alipiga simu.

"Nasikia mjomba wako kakuharibia kazi."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Mikono imemwisha, maskini. Nimeshawapigia wote, ndugu wajue wamsaidie. Wasimpe vitu vizito, wasimwache peke yake jikoni. Na wewe usimnunie, ni mjomba wako."

"Sijamnunia, mama."

"Basi mbona unahema hivyo?"

Kiroboto alikuwa akizunguka meza ya chakula, raundi ya tisa au ya kumi. Alisema ni ngazi, akakata simu.

Jumatatu Profesa alikuja na wazo. Asidi nyepesi hula chuma na kuiacha fuwele. Ioshwe, ipimwe tena, wajue kama chini ya uchafu kuna chochote cha kuokoa. Ila fuwele yenyewe ni moja, asidi isije ikaila nayo, kwa hiyo ajaribu kwanza kwa ndugu mmoja: ampime kabla, amwoshe, ampime baada.

Basi ndugu wa kwanza akaingia kwenye pipa, na si kwa sababu ya swali la mjomba.

Jioni ile Kiroboto alikaa kwenye kiti kwa robo saa nzima. Ndugu wa kwanza alikuwa safi. Kwenye joto la chumba hakuwa na kitanzi hata cha dawa. Kwenye baridi alikuwa nacho, kidogo sana, karibu theluthi moja ya kile walichokiandikia makala, na alipogeuzwa upande, kitanzi kile kidogo kilinenepa mbele ya macho yake. Kumbe jambo lenyewe lilikuwepo. Lilikuwa dogo, lakini lilijua kuta zake.

Alijiambia ni bahati, ndugu huyu hakugusa jiriwa. Jumanne akaingia wa pili. Safi. Jumatano wa tatu. Safi, na kitanzi kilekile, na tabia ileile ya kupenda upande. Mtu ambaye mkono wake unacheza hachezi mara moja kati ya tano, tena kwa fuwele ileile ambayo wewe ndiye umeishika miezi mitano. Alhamisi alimpima wa nne huku akijua, na wa nne alikuwa safi kuliko wote.

Ijumaa akachukua daftari lake la maabara, akalisoma kwa kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari. Alikuwa mwandikaji mzuri, hilo hakuna atakayemnyima. Kila kitu kilikuwa humo, tarehe na saa. Na wiki moja kabla ya kitanzi cha kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe uliolala kwa haraka: Nimeibandua, nimekwangua gundi ya zamani, nimebandika upya.

Kukwangua kwa nini? Hakuwa ameandika, lakini mkono ulikumbuka. Siku ile Profesa alitaka mchoro kabla ya saa sita, kikwanguo cha plastiki hakikuonekana, na yeye hakuwa mtu wa kutafuta kitu mara mbili. Alivuta droo. Wembe ulikuwa humo, umefungwa karatasi nusu, na kwenye makali yake palikuwa na gundi kavu ya rangi ya asali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikwangua sampuli ya usumaku kwa wembe hufukuzwa maabara, na anayewafundisha hao wanafunzi sheria hiyo kila Septemba ni Kiroboto.

Alitoka nje. Alizunguka jengo lote, kupita maegesho, kupita mapipa ya taka, kupita dirisha la chumba cha chini ambalo sasa lilikuwa giza, akazunguka tena. Tuseme ukweli, siyo aibu peke yake iliyomzungusha. Alikuwa akipiga hesabu. Makala ilikuwa imeshaondolewa. Mjomba alikuwa ameshakubali. Ndugu wanne walikuwa safi na matokeo yao yalikuwa ya kweli. Angeweza kuyaandika upya bila kumgusa mtu, akatetea tasnifu yake mwezi wa tatu kama ilivyopangwa, na wembe ungeishia kwenye pipa lile pale. Mjomba naye ilikuwa lazima aondoke, leo au baada ya miezi mitatu. Nani angeumia? Aliuliza hivyo kwa sauti, peke yake, na mlinzi wa getini akadhani anaulizwa yeye.

"Kuna mtu kaumia, dada?"

"Hapana," alisema Kiroboto. Kisha akasema, "Ndiyo," akageuka na kupanda ngazi mbilimbili.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa macho kwenye wembe uliokuwa mezani.

"Kwa nini ulidhani ni fundi?"

"Mikono yake inatetemeka."

"Nimekuuliza kwa nini ulidhani ni yeye. Kutetemeka kwa mikono ni jibu la daktari. Ulipima nini?"

"Sikupima."

"Alikuambia upime?"

"Aliuliza kama nimewapima wale ndugu. Nikamwambia hakuna haja."

Sasa Profesa akafoka, na kufoka kwenyewe kulikuwa nafuu. Utetezi wa tasnifu ulisogezwa mwaka mzima mbele. Barua ya pili kwa jarida ataiandika Kiroboto, kwa jina lake, akieleza wembe na siku. Na wanafunzi wote wa maabara watasomewa barua hiyo. Alipomaliza akakuna paji la uso.

"Na mimi nilimpokea funguo," alisema, safari hii kwa chini. "Nami sikuuliza. Nenda kamrudishe. Mwambie tunahitaji fuwele nyingine nyingi, na zile za tanurini ndizo za kuanzia. Zitakuwa zimeshapoa."

Kiroboto aliteremka mbio kwenda kuziona kwanza, apate la kumwambia. Chumba cha chini kilikuwa kimefagiliwa. Aligusa tanuri, lilikuwa baridi kama ukuta, sawa, ndivyo lilivyotakiwa kuwa. Kisha akaona taa ya kijani haikuwaka, na swichi kubwa ya ukutani ilikuwa imeshushwa. Daftari la tanuri lilikuwa wazi juu ya benchi. Siku ya kumi na tisa, nyuzi mia sita na arobaini, mwandiko uliopinda kidogo mwishoni mwa kila herufi: Nimelizima. Huenda na hizi nimezichafua.

Fuwele zikipozwa ghafla hupasuka ndani kwa ndani. Donge lililokuwa humo lilikuwa limekuwa changarawe.

Kwa mjomba alifika saa kumi. Alimkuta barazani, ameinamia meza ndogo. Mbele yake zilikuwa sahani mbili na mkononi alishika kibano cha kazini, kile chembamba kabisa. Alikuwa akinyanyua punje za mchele, moja moja, kutoka sahani ya kushoto kwenda ya kulia. Kando palikuwa na karatasi yenye safu ya tarehe na namba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ngoja, usinisemeshe, niko mia na arobaini."

Kiroboto alisimama kwenye ngazi ya baraza akingoja, na kungoja kwenyewe kulimchoma. Mkewe mjomba alitoka na chai: kikombe cha udongo kwa mgeni, na kwa mumewe kikombe cha plastiki chenye masikio mawili. Alikiweka mbali kidogo na ukingo wa meza, kama anavyowekewa mtoto. Ndani ya nyumba kichanga kililia mara moja kikanyamaza. Binti yao alikuwa amejifungua mwezi uliopita na yupo kwao.

"Mia mbili," alisema mjomba hatimaye, akaandika. "Zimeanguka mbili. Jana moja. Juzi tatu. Siku ya kwanza moja. Sasa niambie wewe msomi, hiyo ni mikono iliyokwisha au haijaisha? Maana nimeshindwa kuelewa. Ikishika mchele iko sawa, kumbe ikishika fuwele inagusa jiriwa bila mimi kujua."

"Haikugusa."

"Nini?"

"Haikugusa, mjomba. Nimewapima wale wanne. Wote safi. Ni mimi. Niliikwangua kwa wembe."

Mjomba aliiweka kalamu chini. Mkewe, aliyekuwa amefika mlangoni na sinia, akasimama.

"Wembe," alisema mjomba.

"Wembe. Nilikuwa na haraka."

"Ulikuwa na haraka." Alikuwa akiyarudia maneno kama anayatafuta uzito. "Na lile uliloniambia mle chumbani ulilitoa wapi?"

"Nililiona kichwani tu. Sikupima. Uliniambia nipime, nikakataa."

Alingoja mjomba aseme haidhuru, na mjomba hakusema. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Kiroboto, ambaye alikuwa amemwona akicheka, akisinzia na akizika ndugu zake, hakuwahi kumwona na uso ule.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Sikiliza vizuri. Nilikuwa najua sikugusa. Mkono unajua ulichogusa. Miaka thelathini na mmoja, mkono wangu unajua. Halafu ukaja wewe na neno moja, nikakuamini wewe nikauacha mkono. Nimekaa hapa wiki nzima nahesabu mchele kama mwendawazimu! Tanuri nimezima mwenyewe. Siku ya kumi na tisa, nimezima mwenyewe!"

"Nisamehe, mjomba."

"Mama yako umemwambia?"

"Bado. Profesa nimemwambia, anataka urudi Jum..."

"Profesa baadaye. Mpigie mama yako. Weka spika."

Kiroboto alipiga. Mama alipokea kwa maneno mengi, akakatizwa, akaelezwa wembe na ndugu wanne na haraka.

"Kwa hiyo mdogo wangu hana kosa?"

"Hana, mama. Kosa ni langu lote."

"Na mimi nimeshawaambia watu wote! Mpaka wa kule mbali nimewaambia!"

"Basi waambie tena, dada," alisema mjomba akiinamia simu. "Kwa sauti ileile."

Simu ilipokatika mkewe mjomba alikuwa amekwisha kukiondoa kile kikombe cha plastiki mezani. Alikitia mfukoni mwa aproni bila kusema kitu, akaingia ndani, akatoka na mjukuu amemviringisha shuka nyeupe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulimnyima," alimwambia Kiroboto. "Wiki nzima tunamnyima. Tulisema atamwangusha." Kisha akamgeukia mumewe. "Haya, babu. Mpokee mtu wako."

Mjomba alisimama. Alijifuta viganja kwenye suruali, akainyoosha mikono, na ilipofika nusu ya njia Kiroboto aliiona waziwazi: ilikuwa imetulia kabisa, haikucheza hata kidogo. Mjomba naye alikuwa akiitazama. Aliitazama kwa muda mrefu mno. Halafu akairudisha, akaketi, akaikalia.

"Mpe Kiroboto amshike," alisema. "Mimi nitamshika kesho."

Jumatatu alirudi kazini. Aliwasha tanuri, akapoza nyuzi moja kwa saa, akakata donge jipya vipande sita na vyote vikawa safi, na mwaka uliofuata jina lake lilichapishwa, la pili safari hii. Mjukuu wake hakumbeba mpaka mtoto alipokuwa anatembea mwenyewe.